Kati ya Jikoni na Tupigie

Kiolezo tulikinunua kwa dola arobaini na tisa,
kimeshonwa na mtu asiyeijua Tukuyu,
mtu ambaye kwao, nadhani, jua likichomoza halibadili nia:
weupe kila mahali, picha ya ufuko, mnazi mmoja,
na menyu imekaa katikati kama bwana harusi.

“Hii menyu,” akasema Mama Subilaga, “mbona haina ndizi?
Haina kande, haina samaki wa Kyela.
Menyu gani ya maneno matupu?”
Nikamweleza. Akaelewa vizuri kuliko nilivyoeleza:
“Kumbe ni milango.”
Ndiyo, mama. Milango.

Basi nikaanza na milango.
Mvua ilikuwa ya tangu juzi, ile isiyo na haraka,
inayotwanga bati mpaka watu wanaongea kwa macho.
Menyu nikaihamishia kushoto, maana geti lake liko kushoto
ukitokea barabara ya Kyela.
Nikauondoa weupe, nikatafuta kijani cha chai ya Katumba.
Nilikosea mara nne; mara ya tatu kilitoka kijani cha sare ya mgambo.
Mara ya tano akasema, “Hapo. Hapo imenyeshewa.”

Safu tatu za vyumba zikagoma.
Kwenye kompyuta zilijipanga kama mistari ya shamba,
kwenye simu ya Lugano, mpishi, zikapandana
kama kuni zilizomwagwa kutoka kwenye lori.
Kumbe nukta mkato moja tu ilinitoroka,
mstari wa mia mbili na kumi.
Umeme ukakatika. Ukarudi. Ukakatika.
Nikala ndizi za maziwa gizani,
nukta mkato nikaja kuikamata saa nne usiku.

Ikabaki milango yenyewe, kwa mpangilio:
Nyumbani, Vyumba, Jikoni, Mwanzilishi, Tupigie.
“Hapa kwa Mwanzilishi,” nikauliza, “tuweke picha ya nani?”

Akatazama barazani, kwenye buti za mvua,
namba tisa, zimepinduliwa juu ya vijiti viwili zisiingie maji,
mwaka wa sita sasa.
Mzee Anyosisye alikwenda Chunya na sururu na mkopo wa sakosi.
Barua hakuna. Kaburi hakuna.
“Usimweke,” akasema.
Na kabla sijagusa kitufe:
“Wala usimfute.”

Lugha hii ninayoiandika usiku ina umaskini wake,
haina pole, haina shikamoo,
lakini kwa kuficha ina maneno mawili.
Kwa la kwanza, kitu kinaondoka pamoja na nafasi yake:
majirani wanasogea, wanabanana, mgeni hajui lolote.
Kwa la pili, kitu hakionekani
ila mahali pake panabaki, upana uleule,
pikseli themanini na nne,
na hakuna anayeruhusiwa kupakalia.

Nilimwonyesha yote mawili.
La kwanza: Jikoni na Tupigie bega kwa bega, nadhifu.
Ningekuwa mimi, ningechukua hilo.
La pili: Jikoni, kisha kimya, kisha Tupigie.
Akaweka kidole kwenye kioo, akalipima lile pengo
kama anayepima kitambaa cha mtu asiyekuwepo dukani.
“Hili.”

Jumanne tovuti ikapanda hewani.
Mgeni wa kwanza kuja kupitia humo, fundi wa minara kutoka Makambako,
alilipia siku mbili, akaniita pembeni kwa wema:
“Kijana, menyu yako ina pengo.
Mstari mmoja tu huo, unarekebisha.”

Nikamwambia najua.
Barazani mvua ilikuwa inagonga nyayo za zile buti,
zimetazama juu.
Ndani yake kukavu.